Mikono Inakufa Ganzi, Mjomba Hataki Toyo Iguswe



Mimi ni dereva wa toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, hapa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Toyo si yangu, ni ya mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye alinipa hii kazi baada ya mimi kuacha bodaboda. Nabeba dagaa na migebuka kutoka mwaloni, nabeba barafu, saruji, mahindi, magodoro, na siku nyingine napanda na mzigo hadi Namanyere. Hesabu nampelekea kila jioni, sijawahi kumkwepa.

Shida yangu ni mwili. Mimi ni mrefu, na usukani wa hii toyo uko chini tena uko mbali. Nikiendesha saa mbili mfululizo mabega yanawaka moto, na hapa kati ya mabega panauma hadi nashindwa kugeuza shingo. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, vinakufa ganzi mikono yote miwili. Juzi asubuhi nimeshindwa kufunga vifungo vya shati, mke wangu akanifungia.

Kuna fundi wa kuchomelea amesema atakata usukani, aunge vipande viwili vya bomba la maji, kila kimoja kama shubiri, hendo ipande juu kama zile pikipiki kubwa za Wazungu tunazoziona kwenye simu. Anataka elfu ishirini na tano. Nilipomwambia mjomba akasema chombo kimetoka kiwandani hivyo, waliokitengeneza wana akili kuliko mimi, na siku nitakayoigusa toyo yake nimrudishie funguo. Wenzangu kijiweni wananicheka. Wanasema nitazoea.

Wiki ijayo mjomba anakwenda Sumbawanga, atakaa siku nne. Nimefikiria nimwite fundi afanye kazi mjomba akiwa hayupo. Akirudi akaona naleta hesabu vizuri, hasira zitaisha. Mke wangu amesema nikuandikie kwanza. Nifanyeje?

Dereva wa Toyo, Kirando

Mdogo wangu, mshukuru sana mkeo, maana amekuzuia usifanye jambo ambalo lingekupotezea mjomba na kazi, na huenda uhai pia.

Nianze na jibu lenyewe, usije ukasoma hadi mwisho ukiwa na wasiwasi. Usukani wa toyo hiyo unaweza kunyanyuliwa, na kwa maelezo yako naona unastahili kunyanyuliwa. Lakini si kwa shubiri, si kwa bomba la maji, si kwa kuchomelea, na si mjomba akiwa Sumbawanga.

Kabla ya chuma, mikono yako. Ganzi ya kidole cha pete na kidole kidogo ina njia yake mwilini. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, unapita nyuma ya kiwiko, pale ambapo mtu akijigonga husikia kama amepigwa shoti, kisha unashuka hadi kiganjani upande wa kidole kidogo. Mtu akiegemea usukani kwa viganja saa nyingi, kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa, mshipa huo hubanwa, na mtetemo wa injini na wa barabara huzidisha. Waendesha baiskeli wa masafa marefu duniani kote wanaufahamu ugonjwa huo. Kwa hiyo hujalegea, na wala si uvivu. Wanaokwambia utazoea hawajui wanachokisema: mshipa wa fahamu hauzoei kubanwa. Ukibanwa muda mrefu, misuli midogo ya kiganja inakosa amri, inasinyaa, na ikishasinyaa hairudi kirahisi.

Lile la vifungo vya shati ndilo lililonishtua kuliko yote uliyoandika. Ganzi peke yake ni onyo, lakini vidole vikishindwa kazi ndogo kama hiyo, udhaifu umeshaingia. Nenda Kituo cha Afya cha Kirando wiki hii, usingoje usukani. Mweleze daktari vidole gani, mkono upi ulianza, na usisahau kutaja shingo, kwa sababu ganzi ya mikono yote miwili inaweza kuwa inaanzia shingoni wala si kwenye viganja. Omba upimwe na sukari pia, kwani kisukari huleta ganzi kwa watu wasiojua kama wanacho. Wakikupa rufaa ya Namanyere au Sumbawanga, nenda. Na ikitokea miguu nayo inalegea, au unashindwa kuzuia mkojo, hiyo si ya kusubiri kesho. Nenda saa hiyohiyo.

Sasa toyo. Umeendesha bodaboda, kwa hiyo mwili wako ulijifunzia kwenye magurudumu mawili. Pikipiki inalala kwenye kona na wewe unalala nayo, na uzito wako wote unabaki juu ya kiti. Toyo hailali. Inapokata kona, mwili unasukumwa nje, na kitu kilicho karibu cha kushika ni usukani. Kwa hiyo mikono yako inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inageuza gurudumu la mbele, na inakuzuia usitupwe nje. Barabara ikiinama upande mmoja, toyo inavuta upande huo na wewe unairudisha, kutwa nzima. Ongeza usukani ulio mbali na mtu mwenye mikono iliyonyooka kabisa, kila shimo linapita kwenye viwiko hadi mabegani bila kupungua nguvu. Maumivu yako yanaanzia hapo.

Mjomba anasema waliotengeneza wana akili. Wanayo, sibishi. Lakini kiwanda kilitengeneza usukani mmoja kwa madereva wote, warefu kwa wafupi, na hakikupima mkono wako. Wanaotengeneza magari wanalijua hilo, ndiyo maana kiti cha dereva wa gari kinasogea mbele na nyuma. Toyo haina kiti cha kusogea. Na hao wenye pikipiki kubwa mnazoziangalia kwenye simu wamehangaika na jambo hilihili. Harley-Davidson ya Marekani ilitengeneza chombo cha magurudumu matatu kilichoitwa Servi-Car kuanzia 1932 hadi 1973, kikatumiwa na polisi na wenye gereji. Ilipotoa ya safari ndefu, Tri Glide, ya modeli ya 2009, ililaza shokapu za mbele tofauti na za pikipiki zake za kawaida, makusudi ili usukani usimchoshe dereva. Hata hivyo wapo wanaoinunua na kuongeza vipande vya kunyanyulia hendo. Lakini angalia wanachoongeza: inchi moja, inchi mbili, chuma kilichokerezwa kwa kipimo na kufungwa kwa boliti. Zile hendo ndefu za kwenye picha ni jambo jingine kabisa, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoshuka kuja ziwani ikiwa na magunia ya mahindi mgongoni.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya mambo yasiyo na gharama. Angalia upepo wa tairi la mbele, kwa kuwa tairi lililolegea hufanya usukani uwe mzito sana. Kisha nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki, likae hewani, ugeuze hendo taratibu kwa vidole viwili. Ikipita katikati ukasikia kama inaingia kwenye kijishimo, beringi za hendo zimekufa na umekuwa ukipigana nazo bila kujua. Zibadilishe hizo kwanza. Tazama na namna unavyopanga mzigo. Ukiulundika nyuma kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba kwenye mlima. Ukiusogeza mbele mno, usukani unakuwa mzito. Mzigo mzito ukae chini, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijaribu kamwe. Hendo imeshikwa na vifuniko viwili, kila kimoja kwa boliti mbili. Boliti hizo nne ukizilegeza bila kuzitoa, hendo inazunguka mahali pake. Izungushe kidogo ije upande wako, kaza, kaa, jaribu. Kwa sababu hendo imepinda, kuizungusha kidogo tu kunaileta karibu kwa sentimeta kadhaa. Kazi ya dakika 10, na ukichukia unairudisha. Hakikisha tu kwamba vifundo vya mikono havikunjiki unaposhika klachi. Ukishafanya hivyo, mwone fundi viti akuwekee mto mgumu wa kuegemea, unene wa sentimeta 5, ili mgongo usogee mbele. Kwa maelezo yako naona shida yako kubwa ni umbali kuliko kimo, na umbali unaweza kupunguzwa kwa kumsogeza dereva vilevile kama kwa kusogeza chuma.

Ukifanya yote hayo kwa wiki mbili na maumivu yakabaki, sasa tunyanyue.

Pima kwanza. Kaa kwenye toyo iliyosimama, mgongo umeegemea, mabega yamelegea, viwiko vimekunjwa kidogo na viko karibu na mbavu. Fumba macho, nyoosha mikono mbele mahali inapotaka kukaa yenyewe. Mwenzako achukue futi apime kutoka viganjani mwako hadi kwenye hendo, kwenda juu na kwenda nyuma. Kipimo hicho ndicho chako, na mara nyingi kitakuwa kati ya sentimeta 3 na 5. Kikizidi hapo, rudi kwenye kiti, tatizo liko huko. Viganja visikaribie usawa wa mabega. Hendo iliyopanda sana inachosha mabega kwa namna nyingine, na kwenye kona, pale mwili unaposukumwa nje, utajikuta unaning'inia kwenye usukani na kugeuza gurudumu bila kukusudia.

Jambo la kujua ni kwamba shokapu za mbele zimelala. Ukinyanyua hendo kwa kufuata mlalo wake, haipandi tu, inarudi nyuma pia. Kwa mlalo wa pikipiki ya kawaida, sentimeta 4 za kupanda zinakupa karibu sentimeta 2 za kuja kwako. Kwa hiyo kipande kifupi kinakufanyia kazi mbili.

Kipande chenyewe kiwe jozi ya chuma kigumu au aluminiamu nene iliyokerezwa, inayokaa kati ya kikalio cha hendo na hendo yenyewe, au chini ya kikalio kutegemea toyo yako ilivyoundwa. Kama maduka ya spea za pikipiki ya Sumbawanga au Mbeya hayana kinachokaa sawasawa, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza kikalio cha zamani kama sampuli, akuchongee. Unene wa bomba la hendo upimwe kwa kifaa, usikisiwe kwa macho, maana hendo inayoteleza kwenye kikalio ni hatari sawa na iliyokatika.

Boliti ndizo watu wanazozidharau. Ukiongeza kipande cha sentimeta 4, boliti za zamani hazitoshi tena, zinashika nyuzi mbili tatu tu za mwanzo. Tafuta ndefu zaidi zenye namba 8.8 au 10.9 kichwani. Boliti isiyo na namba usiiweke kwenye usukani. Boliti ikiwa ya milimita 8, nyuzi zake ziingie angalau milimita 8 kwenye chuma, na kama inaingia kwenye aluminiamu iingie milimita 12. Zikaze kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, ili vifuniko vikae sawa. Spana fupi ya sentimeta 15 na nguvu ya mkono mmoja vinatosha. Anayechomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi anakata boliti bila kujua, nayo itamalizikia njiani.

Halafu nyaya, na hapa ndipo wanaoumia huumia. Hendo ikipanda, kila kinachotoka kwenye hendo kinavutwa: waya wa klachi, waya wa resi, nyaya za taa na honi, na hosi ya breki kama toyo yako ina breki ya mkononi yenye mafuta. Toyo ikiwa imesimama kwenye uwanja sawa, gia huru, injini inanguruma taratibu, geuza usukani wote kushoto, kisha wote kulia. Sikiliza. Resi ikipanda yenyewe hata kidogo, waya ni mfupi. Ukitoka hivyo, siku utakayokata kona kali toyo itaongeza mwendo yenyewe katikati ya kona, na huwezi kuizuia kwa mikono. Badilisha waya uweke mrefu, usijiambie kwamba ni kidogo tu. Fanya hivyohivyo kwa klachi: ibaki na ulegevu mdogo kwenye mpini hata usukani ukiwa umegeuzwa mwisho. Hosi ya breki isikae imenyooka wala isisuguane na chuma. Rekebisha saitimira. Siku ya kwanza zunguka mjini bila mzigo, jioni kagua boliti zote nne, na baada ya siku ya kwanza ya mzigo zikague tena.

Nirudi kwa fundi wako wa bomba. Huenda ni mtu mwema na kitanda cha chuma anakichomelea vizuri. Lakini bomba la maji limetengenezwa lizuie maji yasitoke. Halikutengenezwa kuvutwa na mwanaume aliyeshikilia toyo kwenye mteremko. Limepakwa zinki, na zinki ikiguswa na moto wa weldi hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, na kuacha vitundu ndani ya kiungo ambavyo huvioni ukishapaka rangi. Na urefu wenyewe ni tatizo. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 30 kwenye hendo iliyonyanyuliwa sentimeta 3, kiungo cha chini kinapata mzigo fulani. Vuta kwa nguvu ileile kwenye hendo iliyonyanyuliwa sentimeta 20, kiungo hichohicho kinapata karibu mara saba. Kila shimo linarudia. Weldi ya namna hiyo huanza na ufa mwembamba kuliko unywele, kisha siku moja hendo inabaki mikononi mwako na toyo inaenda inakotaka. Wewe unashuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi ziwani, ambako ni mita 770 hivi juu ya bahari. Huo si mteremko wa kujaribia weldi.

Watu wa Ufipa wana haki ya kuwa wakali kwenye suala la chuma. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, na kilichotoka humo hawakukifua jembe papo hapo. Walikirudisha kwanza kwenye tanuru dogo, kintengwe, kikasafishwe. Kazi hiyo iliendelea hadi ndani ya karne ya 20. Walijua kwamba si kila chuma kinafaa kila kazi, wala hawakuona aibu kuchelewa ili wapate kinachofaa. Fundi wako anajua kuunga. Lakini hapa kinachotakiwa ni kujua unaunga nini, na kibebe nini.

Jambo la mwisho la ufundi: usukani uliokatwa na kuungwa, trafiki anayekagua vyombo ana kila sababu ya kuuzuia usitembee barabarani, na kampuni ya bima ikiuona baada ya ajali itapata sababu ya kubishana na mjomba. Kipande kilichofungwa kwa boliti ni rahisi kukitetea. Hata hivyo, kabla ya kukifunga, mpitieni mkaguzi wa trafiki mumwonyeshe. Mwende nyote wawili, wewe na mwenye chombo.

Na sasa mjomba mwenyewe. Sikubaliani naye kuhusu kiwanda, lakini sitaki umwone adui. Amekupa chombo chake chote, na aliyetoa mtaji anaogopa kwa namna ambayo anayeendesha haijui. Kumbuka mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuvuliwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mwenye chombo kinachoishi kwa dagaa na migebuka alikuwa analala vipi miezi ile? Mtu aliyepita hapo akisikia neno kukata na neno usukani katika sentensi moja, atasema nirudishie funguo. Kwa hakika alichokataa ni pendekezo la fundi wa bomba, na katika hilo yuko sahihi. Bado hajasikia pendekezo lako.

Ukifanya kwa siri siku hizo nne, hata kazi ikitoka nzuri, umemfundisha kwamba akisafiri chombo chake hakina mwenyewe. Hesabu zote ulizompelekea kwa uaminifu zitafutika kwa jambo hilo moja. Na ikitokea ajali siku ya pili, utasimama mbele ya nani?

Una mlango ambao madereva wengi hawana. Mjomba ni mdogo wake mama yako. Nenda kwa mama kwanza, mwonyeshe mikono, mwambie habari ya vifungo. Usimtume akagombane, mwombe tu akuombee muda wa kusikilizwa, dada mkubwa akisema hayo kwa mdogo wake yatasikika. Kisha mwende kwa mjomba jioni, baada ya kukabidhi hesabu, akiwa ameshakula. Mwambie hivi kwa maneno yako: "Mjomba, sikuja kukataa kazi. Nimekwenda kituo cha afya, wamesema hivi. Naomba tuzungushe hendo tujaribu, na ikishindikana tuweke kipande cha boliti, hatukati chochote. Boliti za zamani nakukabidhi wewe. Usipopenda, nusu saa inarudi ilivyokuwa." Halafu umwombe akae yeye kwenye kiti, wewe usimame pembeni. Akiwa mfupi kuliko wewe ataona kila kitu kiko sawa, nawe keti baada yake aone mikono yako inavyonyooka. Hapo hutahitaji maneno mengi.

Lipieni nusu kwa nusu. Ile elfu ishirini na tano uliyotaka kumpa fundi wa bomba iwe mchango wako wa kwanza, mezani, mbele yake.

Akikataa bado? Basi nitasema jambo ambalo halitampendeza. Kazi inayokulaza na mikono isiyofunga shati si kazi ya kufia kwa sababu ya undugu. Daktari akikwambia upumzike, pumzika, na umrudishie mjomba funguo kwa heshima, mkononi mwake, bila maneno ya kijiweni. Una leseni na una jina la mtu anayeleta hesabu, na Kirando wenye toyo wanaotafuta dereva wa namna hiyo hawakosekani. Lakini sidhani mtafika huko.

Na wewe mjomba, kama kijana amekufikishia ukurasa huu, shikamoo yangu ikufikie kama umenizidi umri. Ulikuwa sahihi kumkatalia fundi wa bomba, na nakuomba uendelee kukataa. Lakini mtazame mpwa wako mikono kabla hujatazama usukani. Mpe siku moja ya kwenda hospitali bila kudai hesabu ya siku hiyo, na siku nyingine ya gereji, nawe uwepo pale boliti zinapokazwa.